Kwa nini mdogo wangu hakuchomwa deksa?

SWALI: Shikamoo daktari. Miezi minne iliyopita mdogo wangu wa kiume, miaka 24, alipata ajali ya bodaboda na hakuwa na helmeti. Alilazwa ICU. Tuliambiwa ana alama 6 kati ya 15 za kipimo cha fahamu, na CT-skani imeonyesha ubongo umevimba ila hakuna damu ya kutoa. Wakamweka kwenye mashine ya kupumulia, wakawa wanampa dripu za manitoli za kushusha uvimbe. Baba mdogo alishika bango kwamba apewe deksamethasoni, kwa sababu mwaka juzi shangazi alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, akachomwa deksa, na kesho yake akakaa kitandani akaomba uji. Madaktari wakakataa. Tulisoma pia kwamba kuna sehemu wanafungua fuvu ili ubongo upate nafasi, nalo halikufanyika. Sasa yuko nyumbani, anatembea na kuongea, ingawa anasahau na ana hasira za karibu, na bado anameza fenitoini, dawa ya kuzuia degedege. Baba mdogo mpaka leo anasema tulinyimwa dawa kwa sababu hatuna kitu. Ni kweli? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba dada, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na baba mdogo. Deksamethasoni ni dawa ya bei ndogo, ipo kwenye famasi ya karibu kila hospitali na hata maduka ya dawa ya mtaani. Dripu za manitoli alizowekewa mdogo wako zina gharama kuliko hiyo. Kama wangetaka kubana matumizi, wasingeanzia kwenye deksa. Walikataa kwa sababu dawa za kundi hilo, yaani steroidi, zimeonekana kuongeza vifo kwa watu walioumia kichwa. Hilo lilipimwa kwa wagonjwa zaidi ya elfu kumi, nitakueleza.

Kwanza shangazi. Uvimbe unapoota ndani ya ubongo, mishipa midogo ya damu inayouzunguka huwa mibovu, inavuja. Maji yanatoka kwenye damu na kujaa katikati ya seli za ubongo ambazo zenyewe ni nzima, ila zimebanwa. Deksa hupunguza uvujaji huo. Maji yakipungua, seli zinapata nafasi na mgonjwa anafumbua macho. Ndiyo maana inaonekana kama muujiza, ingawa uvimbe wenyewe bado uko palepale.

Kwa mdogo wako hali ilikuwa nyingine. Kwenye ajali mishipa huvuja, ndiyo, lakini seli zenyewe pia zinaumia. Kila seli ya ubongo ina pampu zinazotoa chumvi nje, na pampu hizo zinataka nishati saa zote. Damu na oksijeni vikipungua, pampu zinazima, chumvi inabaki ndani, maji yanaifuata. Hapo ni seli yenyewe inayojaa maji, na deksa haina la kufanya. Isitoshe, kuvimba huku hakufikii kilele siku ya ajali. Mara nyingi ni siku ya pili hadi ya tano, na ndiyo sababu ndugu huchanganyikiwa: mgonjwa aliyeonekana ana nafuu Jumatatu, Jumatano anazidiwa.

Kifundo cha mguu kikiteguka na kuvimba, ngozi inatanuka, unachechemea wiki moja yakaisha. Ubongo hauna pa kutanukia. Ndani ya fuvu la mtu mzima kuna nafasi ya kama mililita 1,400 hadi 1,500. Ubongo unachukua karibu asilimia 80, na iliyobaki wanagawana damu na maji yanayouzunguka ubongo. Waskoti wawili, Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie miaka ya 1820, waliieleza kanuni hii ambayo bado tunaitumia: kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue. Ubongo ukianza kuvimba, yale maji yanasukumwa kuelekea uti wa mgongo, kisha damu ya mishipa ya vena inabanwa nje. Mpaka hapo presha ndani ya fuvu inaweza isibadilike sana. Akiba hiyo ikiisha, mililita chache tu zinairusha juu ghafla.

Kwa mtu mzima presha hiyo huwa chini ya milimita 15 za zebaki. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unataka matibabu yaanze ikipita 22. Sasa zingatia jambo hili, maana mengine yote yanaliegemea: damu inapanda kwenye ubongo kwa nguvu ya presha ya mwili ukitoa presha iliyomo ndani ya fuvu. Tunataka tofauti hiyo iwe kati ya 60 na 70. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kufa kwa sababu presha ya kichwani imepanda, na anaweza kufa kwa sababu presha ya mwili imeshuka. Kwa seli iliyokosa damu hakuna tofauti.

Turudi kwenye steroidi. Si kwamba baba mdogo aliota. Madaktari wenyewe waliwachoma wagonjwa wa ajali steroidi kwa zaidi ya miaka thelathini kwa hoja ileile ya kwake: inasaidia kwenye uvimbe ulioota, kwa nini isisaidie kwenye ajali? Zilikuwepo tafiti, lakini ndogo ndogo. Zilipojumlishwa miaka ya 1990 zilikuwa na wagonjwa kama 2,000, na jibu lilikuwa la kukatisha tamaa: pengine steroidi zinaokoa watu 2 katika kila 100, pengine haziokoi mtu, pengine zinadhuru. Wengine walizitumia, wengine hawakuzitumia, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake wa kutolea mfano.

Ndipo kundi lililoratibiwa kutoka London School of Hygiene and Tropical Medicine, likiongozwa na Ian Roberts, likaanzisha jaribio lililoitwa CRASH. Walilenga wagonjwa 20,000. Hospitali 239 katika nchi 49 zilijiunga. Mtu mzima aliyeumia kichwa na kupungukiwa fahamu, akifika ndani ya saa nane, alipangiwa kwa bahati nasibu dripu ya saa 48: ama methilprednisoloni, ambayo ni ndugu wa deksa, ama dripu isiyo na dawa inayofanana nayo. Daktari hakujua kilichomo, ndugu hawakujua.

Hawakufika 20,000. Walipofika 10,008 kamati ya usalama iliona takwimu na jaribio likasimamishwa. Ndani ya wiki mbili, waliopewa steroidi walikuwa wamekufa 1,052, ambao ni asilimia 21.1. Kwa wasiopewa walikufa 893, asilimia 17.9. Hayo yalichapishwa mwaka 2004, na mwaka uliofuata yakaja ya miezi sita: asilimia 25.7 dhidi ya 22.3. Haikujalisha mgonjwa aliumia kidogo au sana, wala alichomwa mapema au kwa kuchelewa. Sababu hasa ya vifo hivyo haikupatikana kwa uhakika, lakini hesabu zilitosha, na miongozo ikaandika wazi kwamba mgonjwa wa namna hii asipewe steroidi kwa ajili ya kushusha presha ya kichwani.

Fikiria hapo katikati. Ongezeko la vifo la watu watatu katika kila mia halionekani kwa macho. Daktari anayepokea wagonjwa hamsini kwa mwaka angeweza kustaafu bila kuligundua, huku akisimulia kwa dhati yule mmoja aliyeamka baada ya sindano. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba jaribio hili lina thamani kuliko dawa nyingi mpya, kwa sababu lilituondolea mazoea yaliyokuwa yanaua kimyakimya.

Na steroidi hazikuwa peke yake. Kumpumulisha mgonjwa harakaharaka ni njia ya uhakika ya kushusha presha ya fuvu: hewa ukaa inapungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inasinyaa, nafasi inapatikana. Tatizo ni kwamba mshipa uliosinyaa unapitisha damu kidogo. Mwaka 1991 utafiti wa Marekani uliwafuatilia wagonjwa waliopumulishwa hivyo kwa siku kadhaa kama kinga, na baada ya miezi mitatu na sita hali zao zilikuwa mbaya kuliko za wenzao. Kuupoza mwili hadi nyuzi 32 hadi 35 nako kunashusha presha. Katika jaribio la Eurotherm, lililotoka mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 387, waliopata nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 26 kwa waliopozwa na asilimia 37 kwa wasiopozwa. Namba kwenye mashine inashuka, mtu hapati nafuu. Ndugu wakiniuliza "presha ya kichwani imeshuka?" najibu, lakini moyoni najua hilo ni nusu ya swali.

Vipi basi manitoli? Hii ni sukari ambayo mwili hauitumii. Ikiwa ndani ya damu inavuta maji kutoka kwenye ubongo, na ndani ya nusu saa hivi unaona kazi yake. Huenda ulimwona muuguzi akiinua chupa kwenye mwanga kabla ya kuitundika: manitoli ya asilimia 20 ikipata baridi hujenga chenga kama za chumvi, na chupa yenye chenga huwekwa kwanza kwenye maji ya moto hadi ziyeyuke, kisha ipoe. Baadaye mgonjwa anakojoa sana, kwa hiyo mpira wa mkojo ni lazima na maji yaliyopotea lazima yarudishwe, la sivyo presha ya mwili inaanguka na umeharibu ulichokuwa unakitafuta. Mbadala wake ni maji ya chumvi kali, ya asilimia 3 au zaidi. Yanavuta maji vilevile bila kumkausha mgonjwa, na bei yake ni nafuu. Watafiti wamezilinganisha mara nyingi, bila mshindi wa kueleweka. Jaribio la Ufaransa liitwalo COBI, la mwaka 2021, liligawa wagonjwa 370, nusu yao wakapewa chumvi kali mfululizo kwa angalau siku mbili ili kuzuia kuvimba, na baada ya miezi sita hawakuwa bora kuliko wenzao kwa kiwango cha kutegemewa. Kwa hiyo dawa hizi ni za kununulia muda pale hatari inapoonekana. Mtu asikuuzie kama tiba ya jeraha.

Kufungua fuvu ni mjadala mzito zaidi, na hapa naomba tutenganishe mambo mawili. Kama skani inaonyesha bonge la damu linaloubana ubongo, hilo linatolewa, tena haraka. Utafiti wa mwaka 1981 kwa watu wenye damu chini ya utando wa ubongo ulikuta kwamba waliofanyiwa upasuaji ndani ya saa nne walikufa asilimia 30, na waliocheleweshwa zaidi walikufa asilimia 90. Hakuna ubishi hapo. Mdogo wako hakuwa na bonge. Kwake swali lingekuwa: tuondoe kipande kikubwa cha mfupa ili ubongo uliovimba kote upate pa kutokea?

Majaribio mawili yanajibu. La kwanza, DECRA, lilitoka mwaka 2011 na wagonjwa 155 wa Australia, New Zealand na Saudi Arabia. Waliondoa mfupa mapema, presha ikiwa imepita 20 kwa dakika 15 tu. Presha ilishuka vizuri sana. Vifo vilikuwa sawa, asilimia 19 na 18, lakini walioishia katika hali mbaya walikuwa asilimia 70 upande wa upasuaji na asilimia 51 upande wa dawa. La pili, RESCUEicp, liliongozwa na Peter Hutchinson wa Cambridge na lilitoka mwaka 2016 likiwa na wagonjwa 408. Hawa walisubiri: presha ilikuwa imepita 25 kwa saa nzima au zaidi na dawa zote zimeshindwa. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa asilimia 26.9 ya waliopasuliwa na asilimia 48.9 ya wasiopasuliwa.

Ukiishia hapo utasema wapasuliwe wote. Endelea kusoma. Katika kila watu 100 waliopasuliwa waliongezeka manusura 22. Kati ya hao 22, sita walibaki macho yamefumbuka bila kujitambua, wanane wakawa wa kuhudumiwa kwa kila kitu, na wanane waliobaki waliweza angalau kujitegemea ndani ya nyumba. Mwaka mmoja ulipotimia picha ilikuwa na matumaini zaidi: 13 kati ya 22 walikuwa katika kundi hilo la juu. Upasuaji huu unaokoa uhai, lakini hauchagui uhai wa namna gani. Familia moja ikielezwa hivyo husema "daktari, tupe tu mtu wetu", nyingine hunyamaza muda mrefu. Zote mbili nazielewa. Kisichokubalika ni kuwapa fomu ya kusaini bila kuwaambia.

Mdogo wako alitulia kwa dawa, kwa hiyo hakufika kwenye mlango huo. Hata hospitali yenye vifaa vyote isingemfungua.

Huenda baba mdogo ataruka kwenye hoja nyingine: kwamba hawakumwekea kile kifaa kinachochomekwa kwenye ubongo kupima presha. Katika hospitali nyingi za kwetu hakipo, au kipo na vifaa vyake vya kutumia mara moja vimekwisha. Nilitamani kila ICU iwe nacho, na bado natamani. Lakini jaribio la BEST-TRIP linafaa kutajwa, kwa sababu lilifanyika katika hospitali zinazofanana na zetu, huko Bolivia na Ecuador. Randall Chesnut na wenzake waligawa wagonjwa 324: nusu walitibiwa kwa kufuata namba ya kifaa, nusu kwa kumpima mgonjwa mara kwa mara na kurudia CT-skani kwa ratiba. Mwaka 2012 matokeo yalionyesha vifo vya miezi sita vikiwa asilimia 39 na 41, tofauti isiyo na uzito. Wako waliosoma hapo wakasema kifaa hakina kazi. Sivyo. Waliokosa kifaa walikuwa na ratiba kali ya kufuatwa, ICU ya kweli na macho ya wauguzi usiku kucha. Kwa mdogo wako, kazi ya kile kifaa ilifanywa na muuguzi aliyemmulika mboni za macho tena na tena. Mboni moja ikitanuka na kuacha kuitikia tochi, mbio zinaanza.

Ukiniuliza mimi kilichomvusha, nitasema ni mambo ambayo ndugu hawayaoni kama dawa. Mwaka 1993 uchambuzi wa wagonjwa 717 wa Marekani ulionyesha kwamba namba ya juu ya presha ya mwili ikianguka chini ya 90, hata mara moja, vifo huongezeka takribani maradufu. Kuanzia hapo kila muuguzi mzuri wa ICU anaichukia namba 89. Jimbo la Arizona nalo liliwafundisha wahudumu wa ambulensi mambo matatu tu: oksijeni isishuke, presha isianguke, na usiminye mfuko wa kupumulishia harakaharaka. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja tofauti haikuonekana, lakini katika kundi la walioumia vibaya, ukiacha wale mahututi kabisa, uwezekano wa kutoka hospitali wakiwa hai ulikuwa kama mara mbili ya zamani. Ongeza kitanda kilichoinuliwa nyuzi 30 upande wa kichwa, shingo iliyonyooka ili damu ishuke, homa iliyodhibitiwa, dawa za usingizi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ndugu angekipigania kwenye korido.

Kuhusu dawa mpya, usishangae siku moja ukisikia glibenklamidi ikitajwa. Ndiyo, ileile ya kisukari. Mtafiti Marc Simard wa Maryland, Marekani, aligundua kwamba seli ya ubongo iliyoumia hufungua mlango fulani wa kuingizia chumvi, na dawa hiyo inaufunga. Inajaribiwa kwa njia ya dripu. Jaribio kubwa kwa wagonjwa wa kiharusi halikuonyesha faida iliyotarajiwa, na kwa ajali za kichwa bado haijathibitishwa. Nalisema hili kwa sababu namjua binadamu: asije mtu akasaga vidonge vya bibi na kumpa mgonjwa kwenye mpira wa chakula. Sukari ikishuka, ubongo uliokwisha kuumia unaumia upya.

Mwisho, fenitoini. Utafiti wa Seattle wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba katika wiki ya kwanza inapunguza degedege kutoka asilimia 14.2 hadi 3.6, na baada ya wiki hiyo hakuna faida ya kinga. Kwa hiyo kama mdogo wako hajawahi kupata degedege tangu ajali, inawezekana anaendelea kuimeza kwa sababu tu hakuna aliyeandika tarehe ya kuacha. Nayo inaweza kumfanya awe mzito wa kufikiri na kukumbuka, juu ya yale ambayo jeraha lenyewe limeleta. Msiikatishe wenyewe nyumbani, maana kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Kliniki ijayo nendeni na karatasi ya kuruhusiwa, muulizeni daktari kama bado anaihitaji na ipunguzwe vipi, na mwelezeni habari ya hasira na usahaulifu bila kumwonea aibu mgonjwa. Kuna mazoezi ya kumbukumbu na ushauri kwa ajili hiyo, na miezi minne bado ni mapema.